Shimo Namba Nne

Vijana wangu, mmenialika kwenye mafunzo yenu ya wahandisi mara mbili, na mara zote mbili mmenikalisha kiti cha mbele, mmenipa chupa ya maji, halafu mkaniuliza siri ya mafanikio. Mafanikio gani, jamani? Mimi nilikuwa mhandisi wa misingi. Kazi yangu ikiwa nzuri imefukiwa, na ikiwa mbaya ndiyo inayosimuliwa mpaka Nangurukuru. Siku ya uzinduzi anatajwa mkandarasi, anatajwa fundi rangi, anatajwa hata mama aliyesimamia pilau. Sijawahi kusikia mgeni rasmi akitaja shimo.

Basi leo nawaandikia habari za shimo, kwa kuwa hamkuniuliza.

Nilihamishiwa Lindi miaka ile soko huria lilipokuwa limepamba moto. Mimi ni Ngonyani, Mngoni wa Songea, mjane mwenye watoto wawili, na wakati huo nilikuwa mwanamke peke yangu katika ofisi nzima aliyekuwa akivaa gambuti. Ofisi ilikuwa na mtambo mmoja wa kutoboa ardhi. Ulikuwa mkongwe, unakohoa, lakini ulikuwa unatoboa. Ukauzwa kwa zabuni, tukaambiwa huo ndio ufanisi. Aliyeununua aling'oa injini akaifunga kwenye mashine ya kusaga nafaka. Kwa hiyo miaka yote niliyokaa Lindi nilikula ugali uliosagwa na mtambo wangu wa kuchunguza udongo, na ugali ulikuwa mzuri tu.

Tulibakiwa na sururu, makoleo, mtaimbo, chuma kirefu cha kupigilia ardhini kwa nyundo, na Lendirova ya Mzee Chande. Chande ndiye alikuwa dereva, na aliujua udongo wote wa kuanzia Kibiti hadi Lindi kwa sababu alishakwama ndani yake. Tukifika kijijini watu walimwamkia yeye "Shikamoo Injinia," naye akaitikia marahaba bila haya, halafu ndipo akanionyesha mimi kwa kidole.

Msidhani vyeo vinasaidia. Kule Milola nilitoa vipande vya udongo vizuri mno, nikavifunika kwa nta ili unyevu wake usitoke, maana unyevu ndio ninaoutafuta. Nikaviacha kwa mke wa mwenyekiti siku mbili, nikamwomba avitunze. Mama wa watu akavitunza kweli. Alibandua nta yote, akavianika juu ya jamvi pamoja na makopa ya muhogo, akawa anavigeuza asubuhi na jioni visiote ukungu, kisha akavirudisha sandukuni. Nilivipeleka Dar es Salaam bila kufungua sanduku. Maabara wakaniandikia kwamba udongo huo una ugumu wa ajabu, na wakaniuliza kama Milola huwa mvua inanyesha. Nilimlaumu yule mama mwezi mzima kabla sijakubali kwamba mwenye sanduku ni mimi, na mwenye macho ni mimi.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Nililotaka kuwaeleza ni tanki.

Kaskazini ya Mchinga kuna kijiji ambacho jina lake nitaliacha, maana wenyewe wapo na wanasoma. Wanawake wa pale walikuwa wakishuka bondeni kuchota maji ya kisima, na ule mteremko si wa mchezo. Ikapatikana fedha ya wafadhili, ikaamuliwa wajengewe tanki kubwa la zege juu ya nguzo sita. Mkandarasi alitoka Dar. Miaka miwili kabla alikuwa anauza vipuri vya baiskeli, na soko huria lilimwona kwamba anaweza zaidi ya hapo. Mimi nilitumwa kuchimba mashimo ya uchunguzi na kusema kama ardhi itabeba.

Vibarua wa kuchimba niliwapata palepale, na mkubwa wao alikuwa Mzee Lipwata, Mmwera, mchoma chokaa. Maisha yake yote alikuwa akivunja matumbawe na kuyapanga tanurini. Nilimwamkia, akaitikia, halafu akaniuliza kabila kabla hajaniuliza jina. Nilipomwambia, akawageukia wenzake.

"Fungeni mbuzi wenu! Mngoni kaja tena, na safari hii kaja na karatasi."

"Wewe Mmwera wewe," nikamjibu, "babu yangu alisahau kukufunga kamba. Nimekuja kummalizia kazi."

Kwa nyie mliokulia mjini, niseme kidogo. Babu zangu waliwavamia babu zake, wakapigana, na vita vilipokwisha ukabaki utani. Mtani anaweza kukutukana hadharani, anaweza kukunyang'anya kofia, na wewe huna ruhusa ya kununa. Msibani ndiyo kabisa. Watu wameshalia, jeneza limeshafika, mtani anaruka ndani ya kaburi, analala chali na kusema hazikwi mtu hapa mpaka nipewe changu. Anapewa kuku, anapewa noti, anatoka, maziko yanaendelea. Hata mfiwa anacheka, na kwa kweli ndiyo maana yake.

Tulichimba mashimo sita, moja kwa kila nguzo. Matatu ya kwanza hayana habari. La nne, kwenye kama futi saba, sururu ikakutana na mwamba wa matumbawe. Nikashuka mwenyewe, nikapigilia chuma changu. Kikadunda. Nikapigilia tena, kikadunda tena. Jamani, furaha niliyoipata! Mhandisi wa misingi akikuta mwamba ni kama mpishi aliyekuta mboga imeshaungwa. Mvua zilikuwa karibu, nilitaka kurudi Lindi, na hapo juu ya shimo walikuwa wamesimama mkandarasi na mwenyekiti wa kijiji, wote wawili wakiangalia saa. Nondo zilikuwa zimeshashushwa.

Nikamwambia Mzee Lipwata ashuke asafishe sakafu ya shimo ili nipime. Akapiga mtaimbo mara moja. Akapiga mara ya pili, akainama kama mtu anayesikiliza mlango. Halafu akaweka mtaimbo kando, akalala chali na kukunja mikono kifuani.

"Sitoki," akasema. "Hili kaburi. Mngoni anazika hapa, na mimi mtani sijapewa changu."

Watu wakaangua kicheko.

"Namzika nani, mzee?"

"Tanki lako. Huku chini wenyewe wameshaanza ngoma, nawasikia."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mwenyekiti alicheka. Mkandarasi, ambaye hakuelewa, naye alicheka kwa kuwa mwenyekiti amecheka. Nikamtuma Chande alete kilo ya sukari garini, nikamwinamia Mzee Lipwata nikampa, kama desturi inavyotaka. Akanitazama. Hakucheka. Kisha akainuka, akapanda, akajikung'uta mchanga na kwenda kukaa pembeni. Mimi nikaandika kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mzuri: Shimo namba nne, mwamba imara.

Naona mmeshaelewa. Nyie mna akili kuliko mimi wa siku ile. Mimi ilinichukua miezi saba.

Tanki likajengwa, na lilipendeza. Kule kisimani ikafungwa pampu ya kulijaza. Mabomba mawili ya kuchotea yakawekwa chini yake, karibu na nguzo ya nne, ili akina mama wapange foleni kivulini. Wazo la kivuli lilikuwa langu. Nililitoa kwenye kikao na nikapigiwa makofi.

Wiki ya uzinduzi, jirani yangu mmoja pale Lindi, mzee wa Kikristo wa kutoka Newala, akafariki. Tukaenda kuzika. Kaburini, mtani wa marehemu akaruka ndani, akalala chali, akadai chake. Akapewa jogoo. Akamkagua mbawa, akasema amekonda, akaongezewa, akatoka akiwa amembana kwapani, wala hakumwachia mtu. Kila mtu anacheka, mimi nikabaki nimemkodolea macho yule jogoo.

Nikamvuta Chande pembeni. "Ile sukari niliyompa Mzee Lipwata shimoni, aliichukua?"

"Injinia, ile tumeinywa sisi wiki nzima ofisini. Aliiacha juu ya kifusi. Nikadhani kasusa kwa kuwa ni kilo moja."

Jamani, katika kuishi kwangu kote sijawahi kuona mtani anayeacha chake. Mtani akishapewa ndiyo mzaha umekwisha, watu wanaendelea na mazishi. Huyu hakupokea. Kwa hiyo hakuwa amemaliza kusema, na mimi nilishafunga daftari.

Hatukungoja hata chakula cha msiba. Tulifika kijijini adhuhuri. Mzee Lipwata alikuwa tanurini kwake, mweupe kwa vumbi la chokaa mpaka kope. Nilimwamkia, akaitikia, na kwa mara ya kwanza hakunitania. Akachukua mtaimbo wake na ndoo mbili za maji, akatangulia.

Tulichimba futi saba pembeni kabisa mwa nguzo ya nne. Tulipofika mwambani akamimina ndoo ya kwanza. Maji yakazunguka, yakanywea kwenye nyufa, halafu tukasikia yanaanguka mahali, mbali. Akamimina ya pili, nayo ikafuata.

"Sisi kabla ya kujenga tanuri tunafanya hivi," akasema. "Maji yakikaa, jenga. Yakiondoka bila kuaga, na wewe ondoka."

Kisha akaanza kugonga mtaimbo palepale kwa nguvu. Ile sahani ya mwamba niliyoisifia haikufika unene wa futi mbili. Mtaimbo ulipotoboa ulimponyoka mikononi, ukaenda wote. Hatukuuona tena. Chini ya nguzo yangu kulikuwa na pango.

"Kwa nini hukuniambia, mzee?" nikamuuliza.

"Sikukwambia? Nililala kabisa!"

"Ulitania."

"We Mngoni, niseme vipi? Mwenyekiti kasimama pale, mkandarasi kasimama pale, nondo zimeshashuka. Mimi kibarua wa sururu niseme hapa hapafai, nionekane napinga maendeleo? Wewe ndiye mtu pekee niliyekuwa na ruhusa ya kumwambia lolote. Nikakwambia kwa njia yetu. Ukanipa sukari."

Niliona haya ambayo sijawahi kuyaona tena maishani.

Kesho yake asubuhi nilikuwa mbele ya bosi wangu.

"Tanki limeanguka?" akaniuliza.

"Bado. Halijajazwa maji."

"Limepasuka?"

"Hapana."

"Kuna mtu amelalamika?"

"Hakuna."

"Sasa Injinia Ngonyani, tatizo liko wapi?"

"Liko chini ya nguzo ya nne."

Akainuka akafunga mlango. "Dada yangu, nakushauri kama kaka. Orodha ya wanaopunguzwa kazi inaondoka Ijumaa. Humu ndani kuna watu hawajaandika ripoti miaka mitatu, kwa hiyo hawana kosa hata moja. Wewe unataka kuniletea la kwako kwa mkono wako, na sahihi juu? Tanki linaweza kusimama miaka ishirini."

Na alikuwa sahihi, lingeweza. Hilo ndilo lililonitesa. Lingeweza kusimama miaka ishirini, na lingeweza kuanguka Jumatatu saa moja asubuhi, foleni ikiwa ndefu, wote wakiwa kwenye kile kivuli nilichopigiwa makofi. Nilikaa kwenye Lendirova muda mrefu, Chande akijifanya anakagua tairi. Watoto wangu wote wawili walikuwa sekondari. Niliogopa, sitawadanganya. Lakini kila nikifumba macho naona ndoo zimepangwa.

Nikarudi ndani nikaandika sentensi mbili. Ripoti yangu ya msingi ina kosa. Tanki lisijazwe. Nakala kwa bosi, kwa mkandarasi, kwa mwenyekiti.

Uzinduzi uliahirishwa? Thubutu! Mbuzi walishachinjwa. Mkandarasi aliegesha lori nyuma ya vichaka, juu yake pipa, na mpira wa maji ukapitishwa chini ya majani hadi kwenye bomba. Mgeni rasmi akakata utepe, akafungua bomba, maji yakatoka. Akayaonja, akasema ni matamu. Ni kweli yalikuwa matamu, maana yalikuwa ya kisima kilekile cha bondeni, na akina mama waliopiga vigelegele ndio walioyapandisha na kulijaza pipa alfajiri. Akahutubia. Akaondoka. Bomba likakauka, na Jumatatu wanawake wakashuka bondeni kama kawaida.

Kuziba pango kulituchukua wiki saba. Tuliegemeza nguzo kwa magogo, tukavunja ile sahani ya mwamba, Chande akateremshwa kwa kamba na akasimama wima humo ndani, mikono juu, asiguse dari. Wachoma chokaa wakatoa mawe yao waliyokuwa wameyaweka kwa ajili ya tanuri. Mkandarasi akatoa saruji shingo upande, kwa kuwa alishapewa nakala yangu. Mashimo mengine matano tukayajaribu yote kwa ndoo mbili za maji, kila moja, na maji yakakaa. Hilo ndilo somo la ufundi mnalolitaka, liandikeni. Kwenye matumbawe, chuma kikidunda msiondoke. Mwageni maji, toboeni, pitilizeni, na mumuulize anayeyavunja kila siku.

Wiki ya sita barua yangu ikaja. Ilinishukuru kwa mchango wangu na kunitakia kila la heri katika sekta binafsi. Bosi aliniambia hakuwa na namna. Wale ambao hawakuwahi kuandika ripoti walibaki wote, na mmoja wao akarithi meza yangu. Chande na Lendirova yake waliitwa ofisini siku hiyohiyo. Nikarudi kijijini kwa lori la nazi, nimekaa juu ya mzigo na timazi yangu ya kupimia wima mkobani, kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha, na nguzo haijui kama umepunguzwa.

Tulipomaliza nikawaita wanakijiji nikawaambia sasa tanki ni salama. Akasimama Bi Zuhura, mama wa makamo aliyekuwa msemaji wa akina mama wa kisimani, mwenye ulimi ambao hata mwenyekiti aliuogopa.

"Injinia," akasema, "karatasi yako ya kwanza ilisema hapa pazuri. Ya pili ikasema patatuua. Leo unasema pazuri tena. Sisi tushike ipi?"

Nimesoma miaka mingi, nina vyeti, na navyo ni karatasi tu. Tanki lingekaa pale tupu, zuri, na wao wangeendelea kuteremka bondeni mpaka uzeeni, na sababu ingekuwa mimi.

"Washeni pampu," nikasema. "Mimi nakaa chini yake."

Saa mbili asubuhi pampu ikaanza. Niliweka kigoda changu mbele ya bomba, mgongo kwenye nguzo ya nne, nikatundika timazi ili nione kama kuna kinachohama. Akina mama walikaa mbali, upande wa juu, wamepindua ndoo na kuzikalia. Maji yakiingia kwenye tanki la zege unayasikia hadi kwenye meno. Nilikuwa nimeshahesabu mara tatu kwamba msingi utabeba, lakini siku ile niligundua kwamba hesabu hazikai mgongoni.

Mzee Lipwata akaja na jamvi lake, akalitandika mbele yangu, akakaa.

"Mzee, nenda kakae na wenzako."

"Nikuache? Likikuangukia peke yako si watasema Wamwera tumekuua! Babu zako waanze tena vita, na mimi mbuzi wangu sijawafunga."

Nikacheka, halafu nikalia, palepale mbele ya kijiji kizima. Yeye akaangalia pembeni, akaendelea kunitukana taratibu, kabila langu, gambuti zangu, mwandiko wangu, hadi nikanyamaza. Saa sita uzi wa timazi ukatikisika, kumbe ni upepo wa bahari. Saa nane tanki likatoa mlio mmoja, tukatazamana, hakuna aliyeinuka. Alasiri, maji yakafurika kwenye bomba la juu na kutumwagikia, tukalowa chapachapa mimi na yeye. Uzi ulikuwa umetulia. Lilikuwa limejaa, na nguzo ilikuwa palepale.

Kule juu hakuna aliyetikisika. Kisha Bi Zuhura akainuka. Akapindua ndoo yake, akajifunga kanga kiunoni, akateremka peke yake mpaka chini ya tanki, akasimama mbele yangu. Akaitazama nguzo kutoka juu mpaka chini. Akatazama maji yanayonitiririka usoni.

"Basi sogea, Mngoni," akasema. "Umeziba bomba."

Nikasogea.